Ibn al-Haytham: Aliyejifanya mwendawazimu akasalimisha elimu ya koni

Mtu akichomeka kijiti wima katika mchanga wa Nawoitorong, nje kidogo ya mji wa Lodwar, kisha akawa anaweka kokoto mahali ncha ya kivuli inapofika kila baada ya nusu saa, jioni atakuta kokoto zake zimejipanga katika mstari uliopinda. Mwezi Juni mstari huo hupita kusini mwa kijiti, kwa kuwa jua liko upande wa kaskazini. Mwezi Desemba hupita kaskazini. Karibu na Machi 21 na Septemba 23, siku ambazo usiku na mchana hulingana, mpindo hutoweka na kokoto hukaa sawasawa kama uzi uliovutwa.

Mfugaji hahitaji kuujua mpindo huo kwa jina ili atambue saa ya kunywesha mbuzi wake. Hata hivyo jina unalo. Huitwa haipabola, nao ni mmoja wa jamaa ya mipindo minne ambayo wanahisabati wameichunguza kwa zaidi ya miaka 2,300 chini ya anwani moja: mikato ya koni.

Miongoni mwa watu walioitumikia elimu hiyo hadi ikatufikia, hakuna aliyeilipia kwa maisha ya ajabu kama Abu Ali al-Hasan ibn al-Hasan ibn al-Haytham, ambaye Ulaya ilimwita Alhazen. Mwanazuoni huyo aliandika kuhusu vivuli, kuhusu vioo vya kuchomea kwa jua, na kuhusu kupatwa kwa jua. Ni mambo matatu ambayo Turkana haijapungukiwa nayo.

Kabla ya kumfuata Basra na Cairo, ni vyema msomaji aielewe koni yenyewe. Watu wa pwani wanayo kila siku mezani: kawa, kile kifuniko cha ukindu kinachofunikia chakula, ni koni. Mchanga mkavu ukimwagwa polepole kutoka kwenye karai hujilundika kwa umbo hilohilo. Mwanga wa tochi nao hutoka katika koni, ila hiyo haionekani hadi igonge kitu.

Tochi ndiyo mwalimu mzuri zaidi. Ielekeze ukutani moja kwa moja, utaona duara. Iinamishe kidogo, duara litarefuka na kuwa duaradufu, umbo kama la yai lakini lenye ncha mbili zilizo sawa. Endelea kuiinamisha hadi ubavu mmoja wa koni ya mwanga uwe sambamba na ukuta. Hapo duaradufu hufunguka upande mmoja na haifungiki tena, nayo huwa parabola. Ukizidi kuiinamisha, unapata mpindo uliofunguka zaidi, ambao mikono yake huelekea kunyooka kadiri inavyokwenda mbali. Hiyo ndiyo haipabola. Koni ni moja, ukuta ni mmoja, na kilichobadilika ni pembe tu.

Kijiti cha Nawoitorong hufanya jambo lilelile kwa njia nyingine. Mionzi ya jua inayopita kwenye ncha ya kijiti kutwa nzima huchora koni angani, na ardhi ndiyo kisu kinachoikata. Siku ya mlingano wa usiku na mchana koni hiyo hubapa kabisa ikawa kama karatasi, na karatasi ikikatwa na ardhi hutoa mstari ulionyooka.

Ibn al-Haytham alizaliwa Basra, katika nchi ambayo leo ni Iraki, yapata mwaka 965. Basra wakati huo ilikuwa bandari tajiri na mji wa mabishano ya dini, lugha na falsafa. Kwa mujibu wa simulizi moja ya kale, alipewa wadhifa serikalini, na wadhifa huo ukamchosha kwa kuwa ulimnyima muda wa kusoma. Simulizi hiyohiyo inadai kwamba hapo ndipo alipojifanya mwendawazimu kwa mara ya kwanza, ili aachishwe kazi. Iwapo ni kweli, basi alikuwa na mazoezi tayari kabla ya siku ambayo hila hiyo ingeokoa shingo yake.

Wanahistoria wawili wa karne ya 13, Ibn al-Qifti na Ibn Abi Usaybia, wameandika habari zake. Waliishi miaka 200 hivi baada yake, kwa hiyo si kila neno lao linapaswa kumezwa bila kutafunwa. Katika jambo kubwa la maisha yake, hata hivyo, hadithi yao ndiyo inayosimuliwa hadi leo.

Inasemekana Ibn al-Haytham alitamka mbele za watu kwamba kama angekuwa Misri, angeutengenezea mto Nile mpango wa kuufanya unufaishe watu wakati wa maji mengi na wakati wa maji machache. Maneno yana miguu. Yalifika Cairo, masikioni mwa al-Hakim, khalifa wa Wafatimiya.

Al-Hakim hakuwa mtu wa kuahidiwa ovyo. Alianzisha mjini Cairo, mwaka 1005, nyumba ya elimu yenye maktaba kubwa, akawalipa wanazuoni waliofanya kazi humo. Ni huyohuyo aliyeamuru Kanisa la Kaburi Takatifu la Yerusalemu libomolewe mwaka 1009, aliyewaua mawaziri wake mmoja baada ya mwingine, na aliyepiga marufuku kuliwa kwa mulukhiya, mboga ambayo magharibi mwa Kenya huitwa mrenda. Mtu aliyeweza kumwadhibu mwenzake kwa sababu ya mrenda angemfanya nini aliyeahidi kuutawala mto Nile kisha akashindwa?

Khalifa alimwita mgeni huyo kwa heshima, na inaelezwa kuwa alitoka nje ya mji kwenda kumlaki. Alimpa mafundi na mahitaji, naye akapanda na mto kuelekea kusini hadi mahali paitwapo al-Janadil, karibu na Aswan, ambako mto hupita kati ya miamba.

Safari hiyo ndiyo iliyomvunja moyo. Njiani aliyaona majengo ya Wamisri wa kale, yaliyopimwa na kuchongwa kwa ustadi uliomshangaza. Akajiuliza: ikiwa watu waliojua hesabu namna hii waliishi kando ya mto huu kwa maelfu ya miaka na hawakuuzuia, je, ilikuwa ni kwa kukosa akili? Alipofika Aswan na kuyapima mazingira kwa macho yake, alikubali kwamba mpango wake hauwezekani.

Hakukosea kwa kiasi ambacho watu hudhani. Bwawa Kuu la Aswan, kusini mwa mji huo, lilijengwa kuanzia 1960 hadi 1970, kwa mashine na saruji ambazo karne ya 11 haikuwa nazo. Wakazi wa Lodwar, ambao mto wao wa Turkwel una bwawa lililokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanajua kwamba kuuzuia mto si kazi ya mtu mmoja mwenye wazo zuri, na kwamba maji yakisha kuzuiliwa maswali ndiyo huanza.

Alirudi Cairo akakiri kushindwa. Khalifa hakumdhuru. Alimpa kazi katika ofisi ya serikali, naye akaipokea kwa hofu. Kila siku aliyokaa karibu na mtawala huyo ilikuwa siku ambayo hasira ingeweza kulipuka, na kuikataa kazi kungekuwa hatari kuliko kuifanya. Ndipo alipojifanya kuwa amerukwa na akili.

Hila hiyo ilikuwa na msingi. Mwendawazimu hakuhukumiwa kama mtu timamu. Mali yake ilichukuliwa ikawekwa chini ya msimamizi, naye akafungiwa nyumbani kwake. Alikaa humo hadi mwaka 1021, al-Hakim alipotoka usiku mmoja kwenda kwenye vilima nje ya Cairo na asionekane tena. Khabari ya kifo cha khalifa ilipothibitika, mwendawazimu akapona. Alirudishiwa mali yake, akahamia kwenye kijumba cha kuba karibu na lango la msikiti wa al-Azhar.

Wengi hupenda kusema kwamba alikiandika kitabu chake kikuu cha elimu ya mwanga akiwa kifungoni, akitazama mwali uliopenya kwenye tundu la ukuta. Ni picha tamu, lakini tarehe za kazi zake hazithibitishi kwa uhakika ni kipi kiliandikwa wapi. Kilicho wazi ni namna alivyojikimu baada ya kutoka. Alikuwa na hati nzuri, na kwa mujibu wa Ibn al-Qifti kila mwaka alinakili vitabu vya hisabati na falaki, vikiwemo vya Euclid na Ptolemy, akaviuza kwa dinari 150 za Misri. Fedha hizo zilimtosha mwaka mzima. Hakutaka tena mshahara wa mtawala yeyote.

Kazi hiyo ya mikono, ambayo mtu mwenye sifa kama zake angeiona ya kumshushia hadhi, ndiyo inayomfungamanisha moja kwa moja na mikato ya koni.

Kitabu kikuu cha elimu hiyo kilikuwa kimeandikwa yapata mwaka 200 kabla ya Kristo na Apollonius, mzaliwa wa Perga katika nchi ambayo sasa ni Uturuki, aliyesoma Alexandria, Misri. Kilikuwa na juzuu nane. Yeye ndiye aliyeipa mipindo mitatu majina ambayo lugha za Ulaya zinayatumia hadi leo, akaonyesha kwamba yote hutokana na koni moja kwa kubadilisha pembe ya mkato, kama tochi inavyofanya. Wagiriki wenyewe walihifadhi juzuu nne za kwanza tu, zile nyepesi zaidi. Ya tano hadi ya saba zilipotea katika Kigiriki. Zilisalia kwa sababu katika karne ya 9, mjini Baghdad, ndugu watatu waliojulikana kama Banu Musa walizitafuta na kuzifanyia kazi, na Thabit ibn Qurra akazifasiri kwa Kiarabu. Ya nane haikupatikana hata wakati huo.

Mwaka 1024, miaka mitatu baada ya kuwa huru, Ibn al-Haytham alikamilisha nakala ya juzuu zote saba kwa mkono wake mwenyewe, michoro na yote. Nakala hiyo ipo. Imehifadhiwa Istanbul, nayo ni miongoni mwa mashahidi wakuu wa maandishi ya Apollonius waliosalia duniani. Mwenye kunakili michoro ya koni kwa wino, mmoja baada ya mwingine, hawezi kuiruka ile migumu. Pengine ndiyo sababu alipoitumia mipindo hiyo katika kazi zake aliitumia kama mtu anayeijua nyumba yake gizani.

Mfano wa kwanza ni kioo cha kuchomea. Kioo kilichobonyea kwa umbo la tufe hukusanya mionzi ya jua, lakini hakiikusanyi yote mahali pamoja; ile inayogonga kingo huvuka mhimili karibu zaidi na kioo kuliko ile inayogonga katikati. Kikibonyea kwa umbo la parabola, kila mwonzi unaoingia sambamba na mhimili hurudishwa kwenye nukta moja tu. Mgiriki Diocles alikuwa ameliona jambo hilo karne nyingi kabla, ila Ibn al-Haytham aliona kwamba watu wa kale hawakuacha uthibitisho unaotosheleza. Akaandika risala nzima. Alithibitisha kwa jiometri kwamba mionzi yote hukutana katika nukta hiyo, kisha akaeleza jinsi fundi anavyoweza kuchonga kigezo cha chuma chenye mpindo huo na kukitumia kutengeneza kioo.

Dishi la televisheni juu ya paa la duka mjini Lodwar hufuata kanuni hiyohiyo. Mawimbi yatokayo kwenye setilaiti iliyo mbali sana hufika yakiwa sambamba, na dishi huyarudisha yote kwenye kile kichwa kidogo kilichoshikiliwa mbele yake.

Katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, iliyoanzishwa mwaka 1992 katika nchi kavu ambako kuni ni chanzo cha ugomvi kati ya wakimbizi na wenyeji, jua lilijaribiwa kuwa jiko. Kuanzia mwaka 1995 shirika la Solar Cookers International lilifundisha familia humo kupika kwa majiko ya jua. Majiko hayo yalikuwa makatoni yaliyokunjwa na kubandikwa karatasi ya kung'aa, na chungu cheusi kiliwekwa katikati ndani ya mfuko wa plastiki. Ieleweke kwamba hayakuwa parabola halisi. Parabola halisi huunguza. Hukusanya joto kali kwenye nukta moja, huumiza macho ya asiyejihadhari, na mpishi hulazimika kuigeuza mara kwa mara kulifuata jua. Bapa za katoni zilizoinamishwa huikaribia parabola kwa mbali, na kwa kuwa haziko makini sana, mama anaweza kuliacha jiko kwa saa kadhaa akafanya shughuli nyingine. Ibn al-Haytham alitafuta moto. Mpishi wa Kakuma alitaka maharagwe yaive. Jiometri ni moja, kipimo cha ukali ndicho kinachotofautiana.

Mfano wa pili ulikuwa mgumu kupita kiasi, na jina lake limeushika hadi leo. Tuseme kuna kioo cha umbo la tufe, taa mahali fulani, na jicho mahali pengine. Ni nukta ipi juu ya kioo ambapo mwanga wa taa utagonga na kuruka hadi kwenye jicho? Kwa kioo bapa, mwanafunzi wa sekondari hulijibu swali hilo kwa dakika mbili. Kwa tufe, rula na bikari hazitoshi kabisa, jambo ambalo lilithibitishwa rasmi katika miaka ya 1990. Ibn al-Haytham alilitatua miaka karibu 1,000 kabla ya uthibitisho huo, kwa kukutanisha duara na haipabola na kuitafuta nukta zinapokatana. Uthibitisho wake ni mrefu na unachosha. Wanahisabati wa Ulaya wa karne ya 17, akiwemo Christiaan Huygens, walitumia muda mwingi kuufupisha.

Kuhusu kupatwa kwa jua, aliandika risala iliyouliza swali dogo. Kwa nini mwanga wa jua lililopatwa nusu, ukipenya kwenye tundu dogo, huchora hilali ukutani, ilhali tundu likiwa pana hutoa umbo la tundu lenyewe? Alionyesha kwamba kila sehemu ya jua hutuma koni yake ya mwanga kupitia tunduni, na kwamba picha ni mrundikano wa koni hizo. Tundu likiwa dogo vya kutosha, umbo la jua hushinda. Likipanuka, picha hufifia na kupoteza ncha zake.

Turkana ilipata fursa ya kujionea hayo Jumapili ya Novemba 3, 2013, kivuli cha mwezi kilipovuka Afrika kutoka Gabon hadi kaskazini mwa Uganda na Turkana. Watalii na wanasayansi walimiminika hadi hifadhi ya Sibiloi kando ya ziwa. Katika kupatwa kwa namna hiyo, kila upenyo kati ya majani ya mti huwa tundu la Ibn al-Haytham, na ardhi iliyo chini ya mti hujaa hilali ndogondogo.

Kivuli chenyewe ni koni. Mwezi huburuta nyuma yake koni ya giza ambayo ncha yake wakati mwingine hufika duniani na wakati mwingine hukomea angani. Siku ile ncha ilikuwa karibu mno na uso wa dunia, kiasi kwamba mwanzoni kabisa mwa njia, baharini Atlantiki, haikufika, na watu wangeona pete ya jua, baadaye ikafika. Turkana ilipata giza kamili kwa sekunde chache tu, kwa sababu iliyokuwa ikipita ni ncha. Tena, kwa kuwa jioni ilikuwa imekaribia na jua limeinama, ardhi iliikata koni hiyo kwa mshazari. Doa la giza lililopita juu ya ziwa halikuwa duara bali duaradufu iliyorefuka.

Ibn al-Haytham aliaga dunia mjini Cairo yapata mwaka 1040. Katika orodha za wanahistoria, kazi zake za sayansi zinapita 90, na zaidi ya 50 zimetufikia. Kile kitabu kikuu cha mwanga, chenye juzuu saba, kilipinga rai ya Euclid na Ptolemy kwamba jicho hutoa mionzi inayokwenda kugusa vitu. Kilishikilia kuwa mwanga hutoka kwenye vitu ukaingia jichoni, na kililitetea hilo kwa majaribio. Kilifasiriwa kwa Kilatini karibu na mwaka 1200, kikapigwa chapa Basel mwaka 1572. Johannes Kepler alikifahamu kitabu hicho. Katika kazi yake ya mwaka 1604 kuhusu mwanga, Kepler aliipanga tena mikato ya koni kama jamaa moja, na miaka mitano baadaye akatangaza kwamba sayari ya Mirihi huzunguka jua katika duaradufu. Iraki iliiweka sura ya Ibn al-Haytham kwenye noti ya dinari 10,000 iliyotolewa mwaka 2003, ijapokuwa hakuna anayejua alifanana vipi.

Kuna risala moja zaidi. Alipokwisha kunakili juzuu saba za Apollonius, au pengine kabla yake, lile pengo la ya nane lilimkera. Akaketi kuijenga upya. Hakudai kuwa anakumbuka alichoandika Mgiriki huyo. Alitafuta ni maswali yapi ambayo juzuu ya saba imeyaandalia njia na kuyaacha bila majibu, akayajibu mwenyewe, akitumia mipindo ya koni kupata mistari na nukta zilizotakiwa. Kazi hiyo ilisalia katika hati moja tu iliyoko Manisa, Uturuki, na haikuchapishwa kikamilifu kwa wasomi hadi mwaka 1985.

Mwaka 1710, mjini Oxford, Mwingereza Edmond Halley, yule ambaye kimondo chenye mkia kimepewa jina lake, alichapisha juzuu za Apollonius kwa Kigiriki na Kilatini, nazo zile tatu za Kiarabu akazifasiri. Alipofika kwenye ya nane alifanya yaleyale, akaibuni upya kutokana na ya saba, bila kujua kwamba mtu wa Basra alikuwa ameijaribu kazi hiyo miaka karibu 700 kabla yake. Juzuu ya nane ya Apollonius mwenyewe haijapatikana mpaka sasa.